Antonio Salieri: Mwalimu Asiyedai Ada, Mtu Aliyechafuliwa Jina



Leo naandika kwa sababu nina deni. Mwaka jana nilialikwa kutoa mada kwenye mafungo ya vijana wa parokia moja. Mada ilikuwa vichwa vya dhambi, na nilipofika kwenye husuda nikatafuta mfano wa kuwaamsha waliokuwa wameanza kusinzia baada ya chakula cha mchana. Nikawasimulia habari za Antonio Salieri, mwanamuziki wa Vienna ambaye eti alimwonea wivu Mozart mpaka akamuua kwa sumu. Kweli wakaamka. Wengine walinifuata baadaye kuniambia kwamba mfano ule hawatausahau.

Shida ni kwamba mfano ule ulikuwa uongo. Mimi nilikuwa nimeangalia filamu tu, nikaibeba jinsi ilivyo mpaka mbele ya vijana wanaoniamini kwa sababu ya kanzu. Nilipokuja kusoma maisha ya huyo mtu kwa utulivu, nikaona aibu. Yule niliyemfanya sura ya husuda alikuwa yatima aliyelelewa kwa hisani ya watu, na akatumia miaka yake karibu yote kuwarudishia wengine hisani hiyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba aliyemnyang'anya mwenzake jina jema anawajibika kulirudisha, kama mwizi anavyowajibika kurudisha mali. Basi makala hii ndiyo marejesho yangu. Kama ulikuwepo kwenye yale mafungo, tafadhali isome mpaka mwisho.

Mtoto wa Legnago

Antonio Salieri alizaliwa tarehe 18 Agosti 1750 katika mji mdogo wa Legnago, uliokuwa chini ya Jamhuri ya Venice, kaskazini mwa Italia ya leo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Kaka yake mkubwa, Francesco, alikuwa mpiga fidla, na ndiye aliyemfungulia mlango wa muziki.

Alikuwa mtoto mwenye mambo mawili aliyoyapenda kupita kiasi: muziki na sukari. Francesco alipoalikwa kupiga fidla kwenye sikukuu za makanisa ya jirani, Antonio alitoroka nyumbani bila ruhusa kwenda kumsikiliza. Alifanya hivyo mara mbili, na adhabu yake ilikuwa kunyimwa sukari. Siku nyingine baba yake alimkemea kwa kutomsalimia padre mmoja kwa heshima inayostahili. Kijana akajitetea kwamba upigaji kinanda wa yule padre haukumpendeza, kwa sababu ulikuwa wa mtindo wa jukwaani, haukufaa kanisani. Nadhani kila kwaya ninayoifahamu ina mtu mmoja wa namna hiyo!

Halafu mambo yakabadilika ghafla. Alipokuwa na miaka kama 13 au 14, mama yake alifariki, na baba yake naye akafuata muda si mrefu. Antonio akawa yatima. Kwa muda alikaa na kaka yake mwingine aliyekuwa mtawa huko Padua, kisha akachukuliwa na bwana mmoja wa ukoo mkubwa wa Venice, Giovanni Mocenigo. Huko Venice aliendelea kujifunza kuimba.

Tusimame hapo kidogo. Mtoto wa umri ule, hana wazazi, kipaji anacho, lakini kipaji bila mtu wa kukishika mkono ni kama mbegu iliyowekwa mfukoni. Wangapi tunawajua wa aina hiyo mitaani kwetu?

Kitu cha kwanza kilikuwa kanisa

Mwaka 1766 alifika Venice mtunzi wa muziki aitwaye Florian Leopold Gassmann, mtumishi wa ikulu ya Kaisari huko Vienna. Alikuja kwa kazi ya opera. Akamsikia yule kijana, akaona kitu ndani yake, akaomba aondoke naye. Tarehe 15 Juni 1766 wakaingia Vienna. Salieri alikuwa bado hajatimiza miaka 16.

Kitu cha kwanza Gassmann alichofanya ni kumpeleka kijana kwenye Kanisa la Waitaliano la mjini pale. Alitaka kazi yake ya kumfundisha, na huduma atakayoitoa kijana, ziwekwe mikononi mwa Mungu kabla hawajafungua daftari la noti. Salieri hakuisahau siku ile maisha yake yote.

Kisha Gassmann akamfanya kama mwanawe. Kijana aliishi nyumbani kwake na kula mezani kwake. Gassmann mwenyewe alimfundisha utunzi, akamtafutia na padre wa kumfundisha Kilatini na ushairi wa Kiitaliano, na walimu wa mambo mengine. Ada? Hakuna. Mkataba wa kwamba ukishakuwa mtu mkubwa utanilipa? Hakuna. Kwa lugha ya leo tungesema alipata ufadhili kamili wa masomo, pamoja na malazi na chakula. Tofauti ni kwamba ufadhili ule haukuwa na fomu wala kamati. Ulikuwa mtu mmoja na mlango wa nyumba yake.

Gassmann pia alimpeleka ikulu, kwenye vikao vya muziki vya Kaisari Joseph II. Kaisari akampenda kijana, na milango ikaanza kufunguka. Kupitia miaka hiyo akakutana pia na Gluck, mtunzi mkubwa wa opera, ambaye naye alimbeba mpaka kwenye majukwaa ya Paris.

Mfuko wa wajane na yatima

Lipo jambo la Gassmann ambalo wapenzi wa muziki wengi hawalijui, na kwangu mimi ndilo linalofungua maisha ya Salieri.

Mwanamuziki wa zama zile aliishi kwa mkono wake. Akiugua, mshahara umekatika. Akifa, mke na watoto wanaweza kujikuta barabarani mwezi uleule. Mwaka 1771 Gassmann alianzisha chama kilichoitwa Tonkünstler-Societät, yaani chama cha wanamuziki wa Vienna, kwa lengo la kuwatunza wajane na yatima wa wanamuziki. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Wanachama walitoa michango yao, na kila mwaka chama kiliandaa maonyesho makubwa ya muziki nyakati za Majilio na Kwaresima. Wanamuziki walipiga na kuimba, na mapato yakaingia kwenye mfuko. Mwanachama akifariki, mjane wake alipata pensheni.

Yaani, wanamuziki wenyewe ndio walioshikana mikono. Mwenye sauti alitoa sauti, mwenye fidla alitoa fidla, na kutoka hapo mtoto wa marehemu akapata mkate. Hata Haydn, aliyepokelewa kwa heshima mwaka 1797, alikisaidia sana chama hiki, kwani maonyesho ya kazi zake kubwa za kuimbwa yaliingizia mfuko fedha nyingi.

Gassmann hakuishi kukiona chama chake kikikua. Miaka michache kabla alikuwa ameanguka kutoka kwenye gari la farasi, na madhara ya ajali ile yakamuua Januari 1774. Mwanzilishi wa mfuko wa wajane akaacha mjane. Mkewe alikuwa na binti mdogo, Maria Anna, na tumboni alikuwa na mtoto mwingine, Therese, aliyezaliwa miezi michache baada ya mazishi.

Sasa mwangalie Salieri. Ana miaka 23. Kaisari anampa nafasi iliyoachwa na mwalimu wake, awe mtunzi wa ikulu na msimamizi wa opera ya Kiitaliano. Angeweza kabisa kusema asante Mungu, sasa ni zamu yangu, na kuendelea na maisha. Badala yake aliwachukua wale mabinti wawili, na walipokua akawafundisha kuimba, mpaka wote wawili wakawa waimbaji wa opera mjini Vienna. Alichofanyiwa na baba, akawafanyia watoto. Na chama cha baba yao alikitumikia kwa miaka mingi sana, akiwa kiongozi wake na mwongozaji wa maonyesho yake.

Mtakatifu Tomaso, akizungumzia fadhila ya shukrani, anasema kwamba mwenye shukrani hujitahidi kurudisha zaidi ya alichopokea, kwa sababu akirudisha kilekile bado hajatoa cha kwake. Nilijifunza jambo hilo darasani na nikalijibu vizuri kwenye mtihani. Kumbe mfano wake hai nilikuwa nao mkononi, nikautumia kufundishia husuda.

Miaka ya utukufu

Mafanikio yake nitayapitia haraka maana ni mengi. Mwaka 1775 alimwoa Theresia Helferstorfer, wakajaliwa watoto wanane. Mwaka 1778, ukumbi maarufu wa opera wa La Scala huko Milan ulipozinduliwa, opera iliyochaguliwa kuufungua ilikuwa ya Salieri, *Europa riconosciuta*. Mwaka 1784 akashangiliwa Paris kwa *Les Danaïdes*, na mwaka 1787 tena kwa *Tarare*. Mwaka 1788 akawa mkuu wa muziki wa ikulu yote ya Kaisari, kazi aliyoishika mpaka 1824. Hiyo ni miaka 36, chini ya makaisari watatu.

Na Mozart? Tuseme ukweli wote. Walikuwa washindani. Mwaka 1786 Kaisari aliwapa kazi usiku mmoja kwenye kasri la Schönbrunn, kila mmoja na igizo lake fupi la muziki, na Salieri akalipwa dukati 100 wakati Mozart alilipwa 50. Katika barua zake Mozart alilalamika kwamba kundi la Waitaliano linambania. Yawezekana kulikuwa na siasa za ofisini, maana ikulu ni ikulu. Salieri hakuwa malaika, na mimi sitaki sasa kufanya kosa la pili kwa kumtangaza mtakatifu.

Lakini angalia pia upande wa pili. Mwaka 1785 mwimbaji Nancy Storace alipopona baada ya kupoteza sauti, Salieri na Mozart walitunga pamoja wimbo wa kumpongeza. Kazi hiyo ilidhaniwa imepotea kabisa, mpaka nakala yake ilipotambuliwa Prague na kutangazwa mwaka 2016, ambao wengi wetu tulikuwa bado shuleni. Na Oktoba 1791, wiki chache kabla ya kifo chake, Mozart alimchukua Salieri kwenda naye kuangalia opera yake mpya, *Filimbi ya Uchawi*. Kesho yake Mozart alimwandikia mkewe akifurahia jinsi Salieri alivyosikiliza kwa makini na kushangilia kila kipande. Hicho ni chanzo cha Mozart mwenyewe.

Mozart alifariki tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na miaka 35. Kumbukumbu za kifo ziliandika homa kali. Na hapa kuna jambo dogo linalouma. Mwaka 1785 Mozart alikuwa ameomba kujiunga na kile chama cha kusaidia wajane na yatima. Alitakiwa kuleta cheti cha ubatizo. Hakukileta, sijui kwa uvivu au kwa shughuli nyingi, na maombi yake hayakukamilika. Alipokufa, mkewe Constanze hakupata pensheni ya chama. Cheti cha ubatizo tu, jamani! Wale mnaozungushwa ofisi ya parokia mtaniambia.

Na mtoto mdogo wa Mozart, Franz Xaver, alipokua na kuonyesha kipaji, mmoja wa walimu wake alikuwa nani? Salieri. Jiulize kama mjane angempeleka mwanawe kwa mtu anayeamini kwamba alimuua baba wa mtoto huyo.

Darasa lisilo na ada

Kuanzia mwaka 1804 Salieri aliacha kutunga opera. Mitindo ilikuwa imebadilika na yeye alilijua hilo. Majonzi nayo yakamfuata nyumbani: mwanawe wa kiume alifariki mwaka 1805, mkewe mwaka 1807. Wengi wakifika hapo hujifungia ndani na kulalamikia kizazi kipya. Yeye alifungua mlango wa darasa.

Orodha ya waliopita mikononi mwake inashangaza. Beethoven alijifunza kwake jinsi ya kuandikia sauti maneno ya Kiitaliano, na alimtolea sonata tatu za fidla zilizochapishwa mwaka 1799. Hummel, Meyerbeer, Moscheles, wote walikaa mbele yake. Na utaratibu wake ulijulikana: matajiri walilipa, wasio na uwezo walisoma bure. Alikuwa analipa deni la Gassmann.

Kwa watatu kati yetu tunaopenda muziki wa kanisa, jina la Franz Schubert linatosha. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, watoto wengi, kipato kidogo. Mwaka 1808, akiwa na miaka 11, Franz alifanya usaili wa kuingia kwaya ya kanisa la ikulu. Salieri alikuwa miongoni mwa wasaili. Aliyepita alipata nafasi ya kulala na kusoma kwenye shule ya bweni iliyosimamiwa na mapadre Wapiaristi. Kwa hiyo sauti ya mtoto ndiyo iliyomlipia shule. Mwaka 1812 sauti ikavunjika, kama inavyovunjika kwa wavulana wote, na mwaka uliofuata akapewa nafasi ya ufadhili kwa sharti la kupandisha alama za masomo mengine. Schubert akaikataa na kuondoka shuleni. Ufadhili ukaishia hapo, lakini mwalimu hakuishia hapo. Salieri aliendelea kumfundisha, na Oktoba 1814 kijana wa miaka 17 alisimama kuongoza Misa aliyoitunga mwenyewe katika kanisa la parokia yake ya Lichtental.

Mwaka 1817 Salieri akashika uongozi wa shule ya uimbaji ya Chama cha Wapenzi wa Muziki mjini Vienna, shule ambayo ilikua na kuwa chuo cha muziki cha mji ule. Na mwaka 1822, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, aliletewa mtoto mmoja kutoka Hungaria anayepiga piano kwa namna ya ajabu. Familia ilikuwa imetumia akiba yake kumfikisha Vienna. Salieri akamfundisha bure, na akaandika barua kwa mwajiri wa baba yake kuomba familia isaidiwe makazi karibu na mjini ili mtoto asichoke na safari. Mtoto huyo alikuwa Franz Liszt, ambaye baadaye naye alijulikana kwa kufundisha bila kudai ada. Unauona mnyororo? Gassmann, Salieri, Liszt. Hakuna aliyemlipa aliyemtangulia. Kila mmoja alimlipa anayemfuata.

Nishani na zawadi

Juni 1816 ilitimia miaka 50 tangu Salieri aingie Vienna na Gassmann. Kaisari Franz I alimtunuku nishani kubwa ya dhahabu yenye mkufu, na akavishwa mbele ya wanamuziki wa ikulu. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na mzee aliongoza muziki wa Misa kama kawaida yake.

Jioni kukawa na tuzo nyingine. Nyumbani kwake walikusanyika mabinti zake na wanafunzi wake, wa zamani na wa sasa, na kila mmoja alikuja na wimbo aliomtungia mwalimu. Schubert, mwenye miaka 19, alikuwepo na wa kwake. Wakaimba mmoja baada ya mwingine, mzee ameketi akisikiliza.

Mimi nikiambiwa nichague kati ya ule mkufu wa asubuhi na zile nyimbo za jioni, najua nitachagua nini. Sibezi tuzo. Msanii akiheshimiwa hadharani ni jambo la haki, na Kanisa limewaheshimu wasanii kwa karne nyingi. Lakini nishani inasema umefanya vizuri. Wanafunzi waliojaa sebuleni wanasema tulikuwa hatuna pa kwenda, ukatufungulia.

Uvumi

Mwaka 1823 mzee aliugua, mwili na akili, akalazwa hospitali. Akili iliyochoka ikawa inapotea na kurudi. Hapo ndipo uvumi ulipopata miguu: eti Salieri amekiri kwamba alimuua Mozart.

Beethoven wakati huo alikuwa kiziwi, na wageni wake walizungumza naye kwa kuandika kwenye madaftari. Madaftari hayo yapo mpaka leo, na ndani yake uvumi huo umo kwa mwandiko wa waliouleta. Ukiyafikiria, ni kama kusoma kundi la WhatsApp la miaka 200 iliyopita. Mmoja anaandika alichosikia, mwingine anaongeza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kando ya kitanda. Wauguzi wawili waliomhudumia walitoa ushuhuda kwamba hawakuwahi kusikia maneno kama hayo kutoka kwake. Moscheles, mwanafunzi wake wa zamani, alipomtembelea hospitalini, mzee alimhakikishia kwa heshima yake kwamba habari ile haina ukweli. Alijua kinachosemwa nje. Hebu fikiria uchungu huo, kulala mgonjwa huku ukijua mji mzima unakuita muuaji, na huna nguvu ya kuinuka kujitetea.

Alifariki tarehe 7 Mei 1825. Tangu 1804 alikuwa ametunga Misa ya wafu kwa ajili yake mwenyewe, na juu yake ameandika kwamba ni kazi ndogo ya kiumbe mdogo kabisa. Ikaimbwa kwa mara ya kwanza kwenye ibada ya kumwombea marehemu, katika Kanisa la Waitaliano. Maisha yake Vienna yalianzia kanisani na yakafungwa kanisani.

Uvumi haukuzikwa naye. Mwaka 1830 Pushkin wa Urusi aliufanya tamthilia. Baadaye Rimsky-Korsakov akaitia tamthilia hiyo muziki. Mwaka 1979 Peter Shaffer aliandika mchezo wa *Amadeus*, na mwaka 1984 ikatoka filamu iliyozoa tuzo 8 za Oscar, pamoja na ya mwigizaji bora kwa aliyecheza kama Salieri. Filamu ni nzuri kama sanaa, sikatai. Lakini ona jinsi dunia ilivyo: mtu aliyewatafutia wasanii wenzake mkate, shule na heshima, sifa mbaya aliyosingiziwa ndiyo iliyowapatia wengine tuzo.

Tuondoke na nini?

Kwanza, amri ya nane. Husuda, kadiri ya Tomaso, ni huzuni juu ya mema ya mwenzako, kana kwamba mema yake yanapunguza yako. Nikimpima Salieri kwa kipimo hicho, namwona mtu aliyetumia zaidi ya miaka 20 akiongeza mema ya wenzake, wengine wakimpita kwa mbali. Nikijipima mimi, namwona mtu aliyesambaza uongo kwa sababu ulikuwa unanoga. Kabla hujatuma ile sauti ya kumhusu mwalimu wa kwaya, paroko, au dada fulani wa kundi lenu, jiulize kama ulikuwa kando ya kitanda. Na kama umeshatuma, kuungama ni lazima lakini hakumalizi kazi. Rudi kwa wale uliowaambia, uwaambie ulikosea. Inauma. Nimejaribu.

Pili, kipaji cha maskini. Katika kwaya yako yupo mtoto mwenye sauti ya kuotesha manyoya, ambaye Jumapili hii hakuja mazoezini kwa sababu hana nauli. Yupo kijana anayejifunza kinanda kwa kutazama vidole vya mwenzake kwa mbali. Tunakuwa wepesi kuchangia sare mpya za kwaya, na sare ni nzuri, lakini je, kwaya yako ina hata mfuko mdogo wa kumsomesha mmoja? Mna utaratibu gani mwalimu wenu akiugua, au akifariki na kuacha watoto? Wale wa Vienna walianza na michango yao na maonyesho ya Majilio na Kwaresima. Sisi nyimbo tunazo, na Majilio yanakuja kila mwaka.

Tatu, shukrani. Mimi mwenyewe niko seminarini kwa sababu kuna mtu, ambaye hataki nimtaje, aliyelipa pale nyumbani waliposhindwa. Nimewahi kumuuliza nitamlipaje, akacheka. Sasa nadhani nimeelewa alichokuwa anacheka. Bwana wetu aliwaagiza mitume wake kutoa bure kile walichopokea bure, na maneno hayo yako katika Mathayo sura ya 10. Yasome leo kabla ya kulala, kisha mtaje mbele ya Mungu kwa jina yule aliyekufungulia mlango, na mwombe akuonyeshe unayepaswa kumfungulia wewe.

Tusali

Ee Baba, wewe ndiwe mtoaji wa kila kipaji. Uwapokee katika mwanga wako mtumishi wako Antonio na wote waliowafundisha wadogo bila kudai malipo. Uwakumbuke wanamuziki wagonjwa, wajane wao na watoto wao. Uziponye ndimi zetu zinazopenda habari kuliko ukweli, na utupe moyo wa kurudisha tulichoiba na kutoa tulichopokea. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.